Kope ni Nywele, Kope ni Ngozi

Habari hii ni ya mama mkwe wangu, lakini inabidi nianze na jicho langu mwenyewe, kwa sababu bila chokea langu nisingepata cha kumwambia. Na nisije nikaonekana najipa sifa. Nilichomwambia kilikuwa cha kweli, na karibu kimfanye apofuke.

Chokea lilinitoka kwenye kope ya juu, jicho la kulia, siku ambazo nilikuwa na dagaa wengi mezani pale sokoni Musoma. Wenzangu wa meza za jirani hawakuniuliza kama linauma. Waliniuliza nilimchungulia nani. Huku mjini wanasema chokea ni la mtu aliyemchungulia mwenzake akioga. Kwetu Majita, nilikozaliwa, tuliambiwaga ni la mtu aliyemnyima mjamzito chakula. Dada mmoja anayeuza sangara wa kukaanga aliniinamia akaliangalia vizuri, halafu akasema, "Huyo uliyemchungulia alikuwa na nini cha ajabu mpaka jicho likafura hivyo?" Meza zote zikacheka. Na mimi nilicheka, nikaacha haraka, kwa sababu kucheka kulivuta ngozi.

Lilipozidi nilikwenda kwenye kliniki ya macho. Nesi alikuwa mama wa makamo, mikono yake inanukia sabuni. Aliniambia nitazame chini kwenye vidole vyangu vya miguu, akashika nywele za kope kwa vidole viwili, akaweka kijiti chenye pamba juu ya ngozi, akaigeuza kope ndani nje. Sikujua kwamba inageuka. Haikuuma, ila unajisikia kama mtu ameingia chumbani kwako bila hodi. Alinipa kioo kidogo nijione na jicho la pili. Ndani kulikuwa kwekundu, kumelowa, kama ndani ya shavu.

Sijui kwa nini aliamua kunifundisha. Labda foleni ilikuwa fupi, labda niliuliza sana. Alisema watu wanafikiri kope ni kipande cha ngozi tu cha kufunikia jicho, lakini ina matabaka. Nje kuna ngozi, na hakuna ngozi nyembamba mwilini kuliko hiyo. Chini yake kuna msuli wa kufumbia. Chini ya msuli kuna ubapa mgumu kidogo, ukiubonyeza ni kama sikio, ndio unaoifanya kope isimame na isilegee kama kitambaa. Na ndani kabisa kuna huo utando mwekundu unaogusa jicho. Pembeni, kwenye ukingo, nywele zimepangwa mstari, na nyuma ya nywele kuna vitundu vidogo vinavyotoa mafuta ili machozi yasikauke. Kitundu kikiziba, uvimbe unatokea. Ule unaouma, kwenye shina la unywele, ndio chokea. Kuna mwingine mgumu kama punje ya mtama, hauumi, unaweza kukaa miezi, huo si chokea ingawa watu wanauita hivyo hivyo.

Aliniambia nikande kwa kitambaa safi na maji ya moto yanayovumilika, na nisiminye. Nyuma ya kope kuna shimo la jicho, mfupa umelizunguka kama bakuli, na usaha ukisukumwa huko ndani ni habari nyingine. Akasema nikiona jicho zima limefura mpaka halifunguki, au linasukumwa nje, au nina homa, nisingoje kesho. Mimi nilikuwa nimeshaliminya.

Jambo moja nililiona hapo hapo. Nesi akisema kope, mara anashika nywele, mara anashika ngozi. Shuleni tulifundishwa kwamba unywele mmoja ni ukope, na nilipoishia darasa la saba nilikuwa bado nakumbuka. Lakini sokoni na nyumbani sijamsikia mtu anasema ukope. Vyote viwili ni kope. Mimi nilimwelewa nesi kwa sababu nilikuwa nauona mkono wake.

Wakati natoka ndipo nikakumbuka kumuuliza habari ya mama mkwe wangu. Nilimwambia ana kope zinazoota kwa ndani na huwa namng'oa. Aliniambia nikae tena. Akasema zile nywele hazina kosa. Ni ugonjwa wa vikope, unaoanza utotoni, unakwenda na kurudi kwa nzi, kwa vidole, kwa kitambaa kimoja cha kufutia uso watoto wote. Kila ukirudi unaacha makovu kwa ndani ya kope, kovu linajikunja kama ngozi ya ng'ombe iliyoanikwa juani, na mwisho ukingo wote unapinda na kutazama ndani. Nywele zinafuata. Kung'oa kunampumzisha, lakini hakumponyi. Akasema kuna wataalamu watakuja Bunda, nimpeleke.

Mama mkwe wangu anakaa Butiama, nje kidogo ya mji, kwenye kaya ya marehemu baba mkwe. Mimi nakaa Bweri, hapa hapa Musoma, na watoto. Mume wangu muda mwingi yuko kisiwani Rukuba kwenye dagaa, anarudi mbalamwezi ikiwa kubwa kwa sababu dagaa hawavuliwi vizuri kwenye mwanga. Kwa hiyo kwenda kumwona mama ni kazi yangu, na sisemi hivyo kwa kulalamika. Kuna mambo mawili yatakayosaidia kuelewa yaliyotokea. La kwanza, mimi ni wa Majita na yeye ni wa Butiama. Lugha yao naisikia, nikiisema wananicheka. Lugha yangu yeye haijui kabisa. Miaka yote ya ndoa yangu tumezungumza Kiswahili, Kiswahili chake na Kiswahili changu.

La pili ni macho yake. La kushoto lilishaharibika kabla sijaolewa. Lina weupe kama maziwa yaliyoganda, linachojua ni kuna mwanga au hakuna. La kulia ndilo lililobaki. Kwa hilo moja alikuwa anachambua ulezi, anakwenda kanisani peke yake, anajua ng'ombe wa nani wameingia kwenye shamba la nani, na mimi alikuwa ananitambua toka barabarani na kuniambia nimekonda hata kama sijakonda. Lakini kwenye weusi wa jicho hilo, pembeni, lilikuwa limeanza doa la kijivu. Kila nilipokwenda niliona kama limesogea kuelekea katikati. Nilijiambia ni mwanga, au ni wasiwasi wangu. Sikuwa na uhakika, na bado sina, lilikuwa linakwenda kwa kasi gani. Nilijua tu linakwenda.

Nikifika, kabla ya chai, alikuwa ananiambia, "Mwanangu, njoo uning'oe kope." Tunakaa ukutani mwa jiko upande wa jua. Analaza kichwa mapajani kwangu, nainua kope kwa kidole gumba, natafuta. Nywele za ndani hazionekani kirahisi. Nyingine ni nyembamba na nyeupe, unaziona jua likizipiga kwa ubavu. Kibano tulitengenezewa na fundi baiskeli kwa kipande cha bati. Unavuta kufuata unywele unakoelekea, polepole, usikatike. Ukikatika ni vibaya kuliko usingeugusa, maana kinabaki kisiki kigumu, na kila akipepesa kinakwaruza. Mama alikuwa hapigi kelele. Alikuwa anasema "hiyo" basi, kama mtu anayechambua mchele akaona jiwe.

Sasa Jumapili moja lilisomwa tangazo kanisani kwao. Mimi sikuwepo, nasema nilivyoambiwa. Aliyelisoma ni katekista, na alisoma alichopewa: wataalamu wa macho watakuwa Bunda, wenye kope zinazochoma macho wafike kwa upasuaji wa kope, huduma ni bure. Bibi mmoja wa nyuma akauliza upasuaji ndiyo nini, na aliyekaa naye akamjibu, kukatwa. Sioni nani wa kulaumiwa hapo. Upasuaji ni kukatwa kweli. Mama akarudi nyumbani na maneno mawili tu, kukatwa kope.

Wiki hiyo hiyo nikafika na furaha yangu, na dagaa, na habari za nesi wa Musoma. Sikumaliza hata kueleza. Alikuwa anapepeta ulezi, hakuinua uso.

"Nimesikia. Siendi."

Nikamuuliza kwa nini. Akanisimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Zamani, kabla yangu, kulikuwa na binti wa jirani aliyekuwa anamsaidia, na huyo binti hakuwa na subira ya kibano. Siku moja alichukua mkasi wa kucha akazikata zote kwa mpigo. Siku chache zilikuwa nzuri. Baadaye visiki vikaanza kukua. Mama anaamini hapo ndipo jicho la kushoto lilipokwenda. Sina namna ya kujua kama ni kweli. Huyo binti sasa ni mtu mzima ana wajukuu wake, na upande wake sikuusikia.

"Walinikata kope mara moja," mama alisema. "Nilikaa na mabua ndani ya jicho kama shamba la mtama limeshavunwa. Sasa niende mpaka Bunda wanikate tena, bure? Itakuwa bure kweli."

Nikafurahi, maana nilidhani tatizo ni dogo na jibu ninalo.

"Hapana mama, hawakati nywele," nikasema. "Wanakata kope yenyewe. Hii, ngozi." Nikashika kope yangu ya juu, nikaivuta kama nesi alivyoivuta.

Akaweka ungo chini. Akanisogelea aone vizuri nilichoshika.

"Hii?"

"Hiyo."

"Wakishaikata, nitafumba na nini?"

Nilisema wanaishona. Akauliza, kama wanaikata halafu wanaishona, kwa nini wasiiache ilivyokuwa. Lilikuwa swali zuri. Nesi alikuwa amenieleza ugonjwa, hakunieleza kinachofanyika mezani, na mimi sikuuliza. Nilianza kusema kwamba inapinda, inanyooshwa, inakuwa kama, nikakosa inakuwa kama nini. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kuniangalia kwa lile jicho lake moja kama mtu anayemwangalia mgonjwa.

Akasema vumbi la kiangazi litaingia. Akasema atalalaje. Halafu likaja lililokuwa chini ya yote.

"Baba yenu nilimfumba mwenyewe, kwa mkono huu. Mimi mtanizika natazama?"

Mpaka jioni habari ilishazunguka kaya nzima, tena kwa lugha yao, ambayo nikiisikia naielewa lakini siwezi kugombana kwayo. Huko Bunda watu wanakatwa kope, wanabaki na macho ya samaki. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ambaye ndiye anakaa na mama na kuangalia ng'ombe, alinijia jikoni akiwa na fimbo yake bado mkononi. "Shemeji," akasema, "wewe ni mtu wa ziwani. Huko kwenu mnapasua samaki. Huku hatupasui mama." Wanawake waliokuwepo wakacheka, na nilijua nimeshashindwa kabla ya kujibu.

Niseme haki yake. Shemeji ndiye alikuwa anamshika mama mkono kumpeleka chooni zile asubuhi jicho lilipokuwa halifunguki. Mimi nilikuwa nafika, nang'oa, naondoka, napewa asante. Kama kuna mtu mwenye haki ya kuogopa ni yeye. Nilimpigia mume wangu Rukuba, mtandao ukawa unakuja na kuondoka, mwisho nikasikia anasema, "Fanyeni mnavyoona." Neno hilo halikunisaidia, lakini na yeye alikuwa katikati ya maji, angesema nini.

Nikarudi Bweri. Chokea langu likapona, likaacha kijidoa kidogo. Nilikuwa najiuliza kama ningenyamaza tu mwanzoni ingekuwaje. Mama angebaki na hofu ya mkasi, hofu ndogo, ambayo mtu mwingine angeweza kuiondoa. Mimi niliiondoa hiyo nikampa kubwa zaidi. Na kila neno nililosema lilikuwa kweli.

Haikuchukua muda shemeji akanipigia yeye mwenyewe. Hakuwa na utani. Nilimkuta mama ndani, amejifunika kanga usoni, mlango umefungwa kwa sababu mwanga ulikuwa unamchoma. Jirani alikuwa amejaribu kumng'oa kwa nia njema na nywele zilikatika. Nilimsogeza mlangoni kidogo tu. Jicho lilikuwa jekundu lote, machozi yanatiririka, na lile doa la kijivu sikuhitaji tena kujiuliza kama limesogea. Nilijaribu. Visiki vilikuwa vifupi mno, kibano kinateleza.

"Zimetoka?" akauliza.

"Hazijatoka. Ni visiki."

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni, amewapa mgongo ng'ombe zake. Nikasema twende Bunda tukaangalie tu, asipopenda tunarudi hivyo hivyo. Nilimtazama shemeji nikitegemea atasema lake. Safari hii hakupinga.

"Nitakwenda," mama akasema. "Lakini wewe usiseme neno huko. Nitauliza mwenyewe."

Iliniuma kidogo. Ila nilikubali.

Bunda tulikuta uwanja wa hospitali umejaa, wengi wao mabibi, wanaume wachache. Nesi mmoja alisema ni kwa sababu wanawake ndio wanaoshika watoto, na watoto ndio wenye nzi. Ulikuwa msimu wa pamba, malori yalikuwa yanapita barabarani yamejaa marobota ya pamba na nyuzi nyeupe zimenasa kwenye miti. Mhudumu wa afya alikuwa anaelezea watu waliokaa kwenye benchi. Alikuwa hodari. Alichukua mkono wa shati lake, akaonyesha pindo, akasema kope yako ni kama pindo lililoshonwa vibaya likakunjikia ndani, sisi tunafumua na kulipindua nje. Nilitamani kumpigia makofi, kwa sababu hilo ndilo neno nililolikosa kule jikoni. Nikamgeukia mama.

"Shati haliumwi," mama akaninong'oneza.

Kwenye mkeka chini ya ukuta alikaa mwanamke wa umri wake, mkulima wa pamba wa vijiji vya huko huko Bunda, anakula ugali. Kope zake za juu zilikuwa zimevimba na nyuzi nyeusi zinaonekana. Mama alimtazama sana, halafu akaacha mkono wangu akamfuata mwenyewe, anapapasa ukuta. Wakasalimiana. Mama hakuzunguka.

"Mwenzangu, wamekukata?"

"Wamenikata."

"Hebu fumba."

Yule mwanamke akaweka tonge chini akafumba. Mama akanyoosha mkono, akamgusa kwa kidole gumba, jicho moja, halafu la pili, toka kona hadi kona, taratibu kama anayepima unga kama umelainika. Watu wa mkekani wote waligeuka kutazama.

"Mbona ipo?"

"Ulitaka iende wapi?" mwenzake akasema, bado kafumba.

"Na usingizi?"

"Nalala mpaka wananiamsha kwa fujo. Nilikuwaga sijui kulala mchana, nimejulia hapa. Nifumbue sasa? Ugali unapoa."

Mama akacheka. Sikumbuki ni lini nilikuwa nimemsikia akicheka hivyo, na yule mwanamke naye akacheka mpaka akajishika jicho akisema nyuzi zinavuta. Mama akarudi kwenye benchi, akakaa, akaniambia nimshikie kanga yake.

Daktari alipomwita, nilikwenda naye mpaka mezani nikakaa kimya kama nilivyoagizwa. Alikuwa kijana, umri wa mtoto wetu mkubwa kuongeza kidogo. Alimgeuza kope zote mbili, akatazama kwa tochi. Akasema ataanza na jicho la kulia, ndilo lenye haraka, la kushoto litafuata likishapona hili. Mama akamshika mkono kabla hajaizima tochi.

"Unakata, au unafanya nini? Niambie mimi, usimwambie huyu."

"Nakata mstari mdogo, bibi. Halafu nageuza ukingo utazame nje, nashona ubaki hapo hapo."

"Unatoa nini?"

"Sitoi kitu. Hata unywele mmoja sitoi. Nywele zako utabaki nazo, ila zitatazama nje kama za watu."

"Kumbe mnageuza."

"Tunageuza."

"Sasa kwa nini msiseme kugeuza?" Alisema bila hasira, kama anayemwuliza mtoto kwa nini amepita njia ndefu. "Kanisani kwetu mmesema kukata. Kuna watu wamekaa nyumbani huko, macho yanawaishia, kwa sababu ya kukata."

Daktari alimtazama nesi. Nesi akasema karatasi zinakuja zimeandikwa upasuaji. Kwa lugha ya nyumbani kwao, mama alikuja kuniambia baadaye, ngozi ina neno lake na nywele zina neno lake, na kugeuza ni neno la kila siku, unageuza muhogo uliouanika, unageuza ndama tumboni kwa mama yake. Mimi neno hilo la kugeuza nilikuwa nalo tangu siku nesi wa Musoma alipoigeuza kope yangu. Sikulitumia. Sijui kwa nini.

Waliniruhusu kukaa karibu na mlango. Walimwosha uso, wakamfunika kitambaa chenye tundu, likabaki jicho tu kama halina mwenyewe. Sindano ya ganzi iliingia kwenye ngozi ya kope, ngozi ikatuna. Mguu wa mama ulicheza mara moja, basi. Baada ya hapo sikuangalia yote. Niliona uzi mweusi unapanda na kushuka. Niliona mikono ya daktari inafanya kazi polepole sana kwenye sehemu ndogo kuliko ukucha. Alipotoka amefungwa bandeji nilimuuliza kama aliumia. Akasema sindano ndiyo mbaya, kisu hakukisikia, labda walimdanganya hawakukata.

Asubuhi yake nesi alitoa bandeji. Kope ilikuwa imevimba, rangi ya zambarau, nyuzi zimepangwa mstari, na juu ya nyuzi nywele zake, zile zile nilizokuwa nazitafuta kwa jua la ubavuni, zimesimama zinatazama mbele.

"Pepesa, bibi," nesi akasema.

Akapepesa mara moja, akasubiri. Mabega aliyainua kidogo, kama mtu anayejua atapigwa lakini hajui lini. Hakikuja kitu. Akapepesa tena, akasubiri tena. Halafu akaanza kupepesa haraka haraka, bila kuacha, mdomo wazi, mpaka nesi akamshika shavu akamwambia inatosha, mama, nyuzi zitakatika.

Nisizidishe. Doa la kijivu halikutoka. Nesi alituambia wazi kwamba kovu lililoingia kwenye kioo cha jicho halifutiki kwa operesheni hii, ila sasa hakuna kinacholiongeza. Akasema tena kwamba kwa watu wengine kope hurudi kupinda baada ya muda, kwa hiyo tusikae tu, akiona kinachomchoma arudi. Haya yote nilimweleza shemeji kama nilivyoambiwa, asije akasema nilimficha. Yeye alimsogelea mama, akainama, akamtazama upande huu na upande huu.

"Kumbe wameibakiza," akasema. Akaenda kufungulia ng'ombe.

Nyuzi zilipotolewa, mama alirudi kwenye ulezi wake na kanisa lake. Likabaki jicho la kushoto. Shemeji aliona halina sababu. Jicho limekufa, alisema, la nini kumtesa mama kwa sindano kwa ajili ya jicho lililokufa? Na mimi, lazima niandike hivyo ilivyokuwa, moyoni nilikuwa upande wake. Nilifikiri tushukuru kwa hili moja tuache. Tulikuwa tumekaa nje watatu tunalijadili kana kwamba jicho ni letu.

"Halioni," mama akasema. "Kuuma linauma."

Kumbe miaka yote hiyo nilikuwa namng'oa kope za jicho la kulia kwa uangalifu na za la kushoto kwa kupitisha tu, mwishoni, kama kuna muda. Hakuwahi kusema. Na mimi sikuwahi kuuliza. Tulikubaliana nitampeleka mbalamwezi ijayo, mume wangu akiwa nyumbani na watoto.

Hakungoja. Siku moja niko sokoni, asubuhi, simu ikaita namba nisiyoijua. Mwanamke fulani akasema, ongea na mama yako. Mama alikuwa Bunda. Alikuwa amekuja na mabibi wawili wa jumuiya yao, wale wale waliokaa nyumbani kwa sababu ya tangazo. Mmoja, aliniambia, ana kope mbaya kuliko zake, na walikuwa wamemgusa jicho lile lililopona, kila mmoja kwa zamu, kanisani nje, mpaka wakaridhika.

"Nimekuja kugeuzwa la pili," akasema.

Nikamuuliza nani atamshika mkono akishafungwa bandeji, nani atampaka dawa, amekula nini. Nikasema nafunga meza nakuja sasa hivi.

"Njoo kesho. Leo uza dagaa."

Nilitaka kumuuliza kama anaogopa, lakini alisema anaitwa, na yule mwanamke akachukua simu yake. Nikauza dagaa mpaka jioni kama alivyosema. Wateja wawili niliwapimia vibaya siku hiyo, mmoja nikamzidishia, mwingine nikampunja. Huyo wa kupunjwa namfahamu, anakaa njia ya kwenda Bweri. Nilipita kwake nikampa kilichopungua, ndipo nikaenda nyumbani kufunga mzigo wa Bunda.